Sumaku za Besi ya Kwaya

Ulyankulu, Jumatatu

Kaka Tobia, shikamoo.

Huku sote wazima, na asali uliyoiomba hiyo hapo. Ukifungua mfuko utakuta pia sumaku za gitaa langu la besi, zile zinazokaa chini ya nyuzi. Zilikufa katikati ya misa, nikabaki napapasa nyuzi bubu huku akina dada wa sauti ya kwanza wakinicheka. Nenda nazo dukani uzipime kwa rula ninunulie mpya za kipimo hicho, usikadirie kwa macho kama viatu vya harusi yangu!

Umesema muuzaji ana aina mbili, na anasifia zile kali zinazochambua kila noti. Hizo mwachie mwenyewe. Chukua zile za mlio mzito, hata mwalimu wa kwaya akinuna.

Baba amehamia benchi la mbele, ubavuni mwa spika. Watu wanasema uzee umemzidishia ibada. Siku ile besi ilipozimika, kwaya nzima ikiendelea kuimba, yeye aliketi akidhani wimbo umekwisha. Anafikiri hatujui kwamba hasikii, nasi tumenyamaza.

Kiganja chake huwa juu ya benchi, Kaka. Nataka benchi litetemeke.

Mdogo wako, mpiga besi,
Irankunda