Gari la Lemayian na Nyumba ya Yeyo

Jumamosi. Kitengela imeamka na baridi ya Julai, ile ya kufanya spana iume vidole. Jua limechungulia saa saba, likaona hakuna la maana, likarudi lilikotoka. Nami niko hivyo hivyo.

Wanaofuata blogu hii wamezoea niwaandikie magari. Leo pia ni magari, lakini sitatoa maksi wala nyota. Nina hasira na sitaificha.

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu Lemayian, mtoto wa kiume pekee kwetu, alinipigia simu. Alitaka gari la kifahari na alikuwa amebakisha mawili. Moja ni haibridi, lenye injini ya petroli pamoja na betri unayochomeka ukutani. Jingine ni la umeme tupu. Aliniomba mimi, fundi wa umeme wa magari, nimchagulie. Nakiri nilivimba kichwa. Miaka yote hunitania kwa grisi mbele ya marafiki zake, na siku hiyo akaniita mtaalamu.

Nikaifanya kazi kwa moyo wote. Nilienda yadi mara tatu, nikalala chini ya magari yote mawili na shati safi. La umeme lilinipendeza papo hapo. Halina kelele, halina oili ya kumwaga, na ukilikanyaga linaondoka kabla mguu haujafika chini. La haibridi ni mume wa wake wawili: injini inataka huduma yake, betri inataka yake, na nusu ya buti ya mizigo imeliwa na betri. Kama safari ni za kuzunguka Kitengela na kwenda ofisini Nairobi, ningesema la umeme bila kufikiria.

Lakini nilifikiria. Nilimfikiria Yeyo, mama yetu.

Yeyo anakaa ndani kabisa ya Bisil, ukiacha lami ya kwenda Namanga. Stima haijafika huko. Ana taa mbili za sola, na simu yake huipeleka dukani kuchajiwa. Nikapiga hesabu ya safari. Betri ya haibridi ingeisha kabla ya Kajiado mjini, lakini hapo petroli ingeshika kazi. La umeme lingefika, sawa, ila kuna kwenda na kurudi, kuna ile barabara ya vumbi, na kuna siku Yeyo ataumwa ghafla apelekwe hospitali. Ukikwama pale utachomeka wapi, kwa mbuzi? Nikamwandikia kurasa nne. Nikamwambia achukue haibridi, kwa ajili ya Yeyo.

Alichukua la umeme.

Sikuudhika sana. Watu humuuliza fundi halafu hununua rangi. Leo asubuhi nikaenda kwake, hapa hapa Kitengela, kumfungia chaja ya ukutani kama tulivyoelewana. Akanionyesha ukuta wa chumba kidogo cha nyuma, kile cha mfanyakazi. Nilipoingia kupitisha waya nikakuta kitanda kipya, godoro likiwa bado kwenye nailoni, na shuka jekundu la Kimaasai limekunjwa juu yake.

Nikamuuliza nani anahamia.

"Yeyo," akasema. "Pale Bisil nilishauza, ndiyo pesa ya gari. Mwenye amenunua anataka kuingia mwisho wa mwezi. Sasa nilikuwa nataka wewe ndio umwambie, Nashipai. Wewe ndio huwa anasikiza."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha nihangaike na habari za kufika Bisil.

"Mimi sikukuuliza Bisil. Niliuliza gari. Bisil ni wewe uliweka."

Ni kweli. Ni mimi niliyeiweka Bisil kwenye kila ukurasa, na yeye akasoma kurasa zote nne akanyamaza.

Kwetu Wamaasai nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayesimamisha nguzo, anayesuka fito, anayekandika kinyesi cha ng'ombe. Ile ya Bisil Yeyo aliijenga kwa mikono yake, na hata baba alipokuwa hai alijua kwamba analala kwa mkewe. Sasa itabomolewa na mgeni ili Lemayian apite mjini bila kelele, naye Yeyo mwenyewe awekwe kwenye chumba ambacho ukuta wake una kazi ya kulisha gari. Hajaambiwa lolote. Leo, ninavyoandika, anakama mbuzi akidhani pale ni kwake.

Na mimi nilimaliza kuifunga ile chaja.

Nilijiambia waya ukiachwa wazi utaua watoto. Ukweli ni kwamba mikono yangu ikishazoea kazi huendelea bila mimi. Nikaijaribu, ikawaka kijani. Lemayian akasema asante. Nikamwambia karibu. Najichukia kwa hilo neno.

Njiani nikaapa kwamba Jumatatu niko ofisi ya ardhi Kajiado kuzuia mauzo. Kisha nikakumbuka ardhi ile ilivyoingia jina la Lemayian. Baba alipofariki tulikaa kwa chifu, na sisi mabinti watatu, sote tumeolewa, tukaletewa karatasi ya kusema hatudai kitu, ardhi yote iwe ya Lemayian. Huku ndivyo ilivyo. Binti aliyeolewa akikataa kutia sahihi, watasema anataka kula nyumba mbili. Nikatia yangu bila kusoma hadi chini. Yeyo naye alitakiwa kutia yake, na hajui kusoma. Alinigeukia mimi, akaniuliza kwa Kimaa kama ile karatasi ni nzuri. Nikamwambia ni nzuri. Akaweka kidole kwenye wino, akabonyeza.

Kesho baada ya kanisa nitaenda Bisil. Siendi kumbembeleza ahame. Nitamwambia pameuzwa, na akitaka tupigane, Jumatatu tutakuwa wawili mbele ya ile ofisi.

Najua hatauliza habari za Lemayian. Ataniuliza ni nani aliyemwambia kwamba karatasi ile ni nzuri, na si kwamba atakuwa amesahau.