Shoka Lililorudi Laini

Joel, nimemwita shemeji yangu mwizi. Mbele ya wazee wa Nyarero!

Nilimwazima Ezra, kaka yake mke wangu Felista, shoka la marehemu baba. Limerudi na mpini mpya, na kwa pigo la kwanza tu makali yamekunjika kama bati. Yamekunjika, Joel!

Nikasema, "Hili si letu. La kwetu umeliuza Sirari." Akaapa. Sikumwamini. Mpini mpya wa nini, kama hafichi kitu?

"Wa zamani ulivunjika, shemeji. Kipande kiling'ang'ania kwenye tundu, nikalitupa shoka motoni kiungue kitoke. Si ndivyo wote tunavyofanya?"

Hata hapo sikuamini. Nikapangusa masizi: alama ya baba ipo. Chuma ni kilekile. Fundi aliyelifua shoka alikizamisha majini kikiwa chekundu, chembe zake zikakazana, kikawa kigumu. Moto wa Ezra umezilegeza zote.

Ameliharibu, Joel, lakini hakuiba.

Wazee wanangoja. Ezra amekataa chai ya dada yake. "Neno moja tu, shemeji. Mimi mwizi au si mwizi?"

Naiweka simu. Nitamjibu nikiwa nimesimama, kwa sauti ileile niliyomwitia mwizi.