Matete ya Bwawa la Tajiri

Geita

Mama mpendwa,

Shikamoo. Umeamkaje huko Ushirombo, na mguu wako unaendeleaje? Huku mwili wangu ni mzima, na mke wangu Maria yupo, mimba yake imefika mwezi wa nane. Ila moyo wangu hauna raha, na sitakuficha.

Unakumbuka ulivyonikabidhi kwa jirani yetu Mzee Masanja, anifundishe bustani kwa huyu tajiri mwenye kinu cha pamba. Kazi yenyewe ungeicheka. Mbele ya nyumba kuna bwawa dogo la saruji, tumepanda matete na mafunjo. Kwetu ng'ombe wanayakanyaga tu huko mbugani, hapa ni pambo, tunayapangusa vumbi kwa kitambaa.

Mwezi uliopita Mzee alikwenda msibani siku nne. Matete yalikuwa yameanza kukauka, na tajiri alikuwa anangoja wageni wa harusi ya binti yake. Nikajifanya fundi. Nilichukua mundu nikayakata mpaka chini kabisa, kama tunavyokata nyasi za kuezekea, nikijua yatachipua upya. Kisha nikafungulia bomba, maji yakafunika visiki vyote. Nikajisifu.

Kumbe matete huvuta pumzi kwa yale mabua. Mzee aliporudi aling'oa kisiki kimoja, kimeoza, kinanuka. "Ng'wanawane, mwanangu," akaniambia, "ungeacha shibiri moja juu ya maji. Umeyazamisha." Tulipunguza maji siku hiyo hiyo, lakini wapi. Harusi ilikuta tope na mbu.

Tajiri alituita wote wawili, akauliza nani kakata. Mzee alinigeukia, ananisubiri niseme mwenyewe. Nikatazama chini. Nilimfikiria Maria, na chumba hiki tunachokaa ni cha tajiri, nikaogopa, mama. Tajiri akasema mkubwa wa bustani ni Masanja, basi aondoke Masanja. Mzee amefanya kazi hapa tangu mimi sijaota ndevu, na hakunitaja. Alipofunga mizigo nilimsaidia kukaza kamba, na hata hapo nilishindwa kumwomba radhi. Ninajichukia.

Nisalimie shangazi, mwambie shuka la mtoto limefika. Baba mdogo mpe pole ya mbuzi wake. Namsalimu pia mdogo wangu Yustina, anayekusomea haya, na asilie.

Mama, aliyekuletea barua hii ni Mzee Masanja mwenyewe. Nimemwambia ni salamu tu, na kusoma hajui. Asiondoke. Mpeni kiti, waiteni na majirani, maana wapo watakaosema kafukuzwa kwa wizi. Halafu Yustina aanze tena kutoka juu, asome kwa sauti, asiruke neno.

Ni mimi mwanao, mwenye aibu,
Petro