Tofali na Kioo

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba karatasi hizi zitakukuta mzima wa afya, wewe, wifi yangu na watoto. Kifua cha yule mdogo kimepona? Mwambie shangazi yake amemaliza kumshonea sare, na mifuko nimeifanya mirefu makusudi, maana najua vitu anavyookota njiani. Sisi huku ni wazima wa mwili. Cherehani yangu inapiga kelele kama kawaida, paa la jikoni linavuja pale pale ulipoahidi kupaziba, na Baba anakula vizuri. Hayo ndiyo mazuri, nimeyatanguliza kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu, na wewe ndiye mtu wa barua pepe. Simu nimejaribu. Kila nikiishika Baba yuko chumba cha pili, na sauti yangu unaijua, haijapata kujifunza kunong'ona. Barua pepe zako nazo anaanza kuzifungua katibu wako, na haya si mambo ya katibu. Kwa hiyo nampa dereva wa gari la vipuri akukabidhi mkononi. Usiisome mbele yake.

Nianze na kazi uliyonituma. Uliniambia kwamba wasimamizi wa koki wa kampuni nzima ya maji wameshavijaribu vifaa vipya vya barua pepe, na wote wamesema skrini yake inasomeka kuliko ya vile vya zamani, isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni baba yako mzazi. Ulisema anakuvua nguo mbele za watu. Baada ya ile ajali ya mtaroni wewe ndiye uliyesimama kwenye kikao ukasema mzee hana kosa, kosa ni la skrini za zamani zisizoonekana juani, na kwa maneno yako hayo vifaa vipya vikanunuliwa. Sasa mzee yule yule uliyemtetea anang'ang'ania skrini ile ile uliyoilaumu. Ukaniomba nimkalishe chini, nimpime kwa vifaa vyote viwili, juani, ndani ya chumba cha pampu na barazani jioni, kisha nikuandikie kipi kinasomeka. Ukaongeza nisitie utani. Nimejitahidi.

Nilianza kujipima mwenyewe, nisije nikamsumbua mzee bure. Kile cha zamani hapa nyumbani tunakiita Tofali, na ukikitia mfukoni kweli suruali inashuka. Skrini yake ni ndogo, ya kijivu, herufi zake nyeusi zimekaa kama wadudu waliokufa, na mwanga wake wa ndani ni wa kukusaidia kupata tundu la ufunguo, basi. Lakini nikakitoa nje jua likiwa kali, nikasoma kila neno bila kukunja uso. Kile kipya, yaani Kioo, ndani ya chumba cha pampu kilinifurahisha. Ni cheupe, kinang'aa, na ukitanua vidole viwili juu yake herufi zinanenepa hadi unaona haya kwa niaba yao. Nilipokitoa juani sikuona ujumbe, nilijiona mwenyewe nimebana pini mdomoni. Ikanibidi nipandishe mwangaza hadi mwisho na kujifunika kwa kivuli cha kanga, ndipo nikasoma. Kwa hiyo kama ni mimi unayeniuliza, nje linashinda Tofali, ndani kinashinda Kioo, na kwa jumla Kioo kinashinda kwa sababu ya kule kunenepesha herufi. Hiyo ndiyo ripoti yako. Ungekuwa umeniomba hiyo tu, barua ingeishia hapa na ningerudi kwenye vifungo vyangu.

Kisha nikampima Baba. Nilikuwa natumia simu yangu kumtumia maagizo kama yale anayotumiwa na karani wa zamu, mara kwenye Tofali, mara kwenye Kioo, naye anasoma kwa sauti. Kwenye Tofali alikuwa hodari ajabu. Anakiinua, anakiangalia kidogo kwa pembeni, unajua anavyoinamisha kichwa siku hizi, kisha anasema funga koki ya chini, au fungua ya juu ujaze tangi kubwa mpaka jioni. Alipatia juani, alipatia ndani, alipatia barazani mwanga ukiwa umeshafifia na mimi mwenyewe nashindwa. Nikamwambia ana macho ya mwewe. Hakucheka.

Kwenye Kioo mambo yakageuka. Alikigeuza huku na huku, akakisogeza, akakirudisha, akasema hiki hakisomeki. Nikamnenepeshea herufi. Hakisomeki. Nikazinenepesha tena hadi neno moja likajaza skrini nzima, kila herufi kama kidole gumba changu. Akanirudishia kifaa akasema vitu vya siku hizi vimetengenezwa kwa ajili ya kutazama picha. Kaka, mimi ni mshonaji. Mtu akiniambia anaona mshono wa ndani ya kola lakini haoni mlango, najua kuna kitu ananificha.

Nikamwambia tujaribu Tofali mara moja ya mwisho. Safari hii sikuandika agizo la kazi. Niliandika kwamba masharubu yake yanafanana na brashi yangu ya kufutia cherehani, mstari mmoja mfupi, nikijua akisoma atanirushia kiatu. Akakiinua, akainamisha kichwa pembeni. Akasema, funga koki ya chini.

Naye alinisikia nimekaa kimya, maana mimi kukaa kimya ni jambo linalosikika. Akaniuliza nimeandika nini. Nikamwambia. Akaweka Tofali gotini, akalipapasa vitufe vyake kimojakimoja, halafu akasema taratibu:

"Naona umbo lake tu, mwanangu. Maneno sijayaona siku nyingi."

Acha nikueleze kama alivyonieleza, ukae ukijua kila kitu. Katikati ya macho yake pana ukungu. Ukisimama mbele yake uso wako haupo, pembeni ndiko kunakobaki kidogo, ndiyo maana ya kule kuinamisha kichwa. Mimi ananijua kwa ndala zangu, wewe kwa kukohoa kabla ya kuingia. Kuandika si tabu, vitufe vya Tofali vidole vyake vinavifahamu. Kusoma ndiko alikotafuta njia. Kwenye Tofali herufi ni za kipimo kimoja, hakuna wa kuzikuza, na mstari unakatika pale pale siku zote. Yule karani mzee aliyestaafu alikuwa na namna yake moja ya kuandika, hakuwahi kuongeza neno. Agizo la kufunga, siku zote koki ya chini, lilikuwa mstari mmoja mfupi. Agizo la kufungua, siku zote ya juu, lilijaza mistari mitatu, kwa sababu lazima itajwe koki, tangi na muda. Muda wenyewe ulikuwa jioni, isipokuwa karani apige simu. Baba alikuwa anaona weusi wa mistari, mfupi au mrefu, na hilo likamtosha kufanya kazi kituoni bila mtu kushtuka. Kwenye Kioo maneno yanajipanga upya kila ukiyagusa, yanakuwa makubwa, yanakuwa madogo, mistari inaongezeka. Umbo limepotea. Hicho ndicho alichokuwa anamaanisha aliposema hakisomeki.

Sasa fika na mimi kwenye siku ya ajali. Karani mpya alikuwa ameanza kazi juma lile, binti wa watu mwenye adabu zake. Agizo lake lilikuwa kwamba koki ya juu ibaki imefungwa. Lakini hakuliandika kwa mstari mmoja. Alianza kwa shikamoo mzee, akauliza hali, akaandika tafadhali koki ya juu isiguswe kwa kuwa mafundi bomba wamo mtaroni, akamalizia na asante. Ikajaza mistari mitatu. Baba akaona mistari mitatu, akaenda akalishika gurudumu la koki ya juu akalizungusha hadi mwisho.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, ulikuwepo walipomtoa mtaroni yule fundi bomba Mrefu, aliyepigwa na maji, mguu wake umepinda pasipo na goti. Kilichonitoa machozi ni kwamba Baba alijua siku ile ile. Mtu wa kwanza aliyemsomea ujumbe kwa sauti pale kituoni alimsomea na hukumu yake. Walipomuuliza imekuwaje, akasema kwamba jua lilikuwa kali na skrini ilikuwa haionekani. Ulikuwa ni uongo wa mtu aliyebanwa ukutani, alidhani utaishia pale. Hakujua kwamba mwanawe atauchukua aubebe hadi kwenye kikao, aufanye hoja, na kampuni nzima ibadilishe vifaa kwa ajili yake. Kila ulipompigia simu kumwambia mambo yanakwenda vizuri, yeye alikuwa anazidi kuzama. Ndiyo maana anakwenda kukaa na Mrefu kila Jumapili. Mimi nilidhani ni huruma tu.

Aliniomba nisikwambie. Alisema umeweka jina lako rehani kwa ajili yake mbele ya wakubwa, na ukijua utaanguka naye. Alisema angejaribu kukizoea Kioo, labda angekitafutia njia yake kama alivyolitafutia Tofali. Na alisema jambo lingine, kwa sauti ndogo: bila kituo yeye atakuwa mtu wa kuongozwa kwa mkono hadi chooni. Niliona uchungu, Kaka, na nilikasirika pia. Nilimwambia kwamba Jumatatu anarudi zamu kwa mara ya kwanza tangu ajali, na Jumatatu hiyo hiyo mafundi wanashuka tena mtaroni kumalizia bomba lile, na safari hii hata umbo hatakuwa nalo. Nikamwambia nitakuandikia, apende asipende. Akainuka akaenda kulala mchana, na siku nzima iliyofuata hakunisemesha. Chai yangu aliinywa, lakini aliinywa kama ya mpita njia.

Kwa hiyo nakuomba, na leo sitanii. Kwanza, Jumatatu Baba asishike koki. Toa agizo wewe, tafuta sababu yoyote ya kumweka mtu mwingine zamu, hata kama ni kusema anaumwa, maana ni kweli anaumwa. Kisha njoo. Usimtumie ujumbe, wala kwenye Tofali wala kwenye Kioo. Njoo umwambie kwa mdomo, ukohoe mlangoni kama kawaida yako ili akujue, na usipandishe sauti. Tumpeleke hospitali ya macho, wakituambia ukungu hautoki tujue hautoki. Halafu urudi kwenye kikao kile kile ukawaambie kwamba ulikosea. Najua ninachokuomba. Wewe unayepiga pasi hadi soksi, ukasimame mbele ya watu useme hivyo. Lakini vifaa vyako ni vizuri, havihitaji uongo wa Baba kuvisimamisha. Na yule karani binti, nasikia tangu siku ile anaandika maagizo na kuyafuta, akidhani adabu yake ndiyo iliyolificha agizo na kuvunja mguu wa mtu. Ajue si yeye.

Nilikuwa nimefika hapa Baba akaingia. Aliuliza kama naandika kwako. Nikasema ndiyo. Akanyoosha mkono nikampa karatasi zote, akaenda nazo dirishani, akazishika pembeni ya uso, moja baada ya nyingine. Akasema hii ni ndefu, umemwambia yote. Nikamjibu nimemwambia yote. Nikadhani atazichana. Kisha akasema Mrefu asiambiwe na mtu yeyote, atamwambia mwenyewe Jumapili. Akaomba kalamu.

Basi nakuaga, Kaka. Nisalimie wifi na wanangu, mwambie yule mdogo aniwekee nafasi ya kulala nitakapokuja, na wewe ujitunze maana sasa tunakutegemea kuliko siku zote. Majirani wanakusalimu, na yule fundi cherehani anayejiona mchumba wangu naye anakusalimu, ingawa sikumtuma.

Ni mimi mdogo wako mwenye ulimi,
Sindano

Huo mwandiko unaoshuka hapa chini ni wa Baba. Nilimwonyesha pa kuanzia tu, mengine ameandika mwenyewe.

Mwanangu, si skrini. Ni mimi.