Ukili wa Bibi Mwanatabu Umo Sandukuni

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa na furaha kubwa, ila ndani ya furaha hiyo mna mwiba mmoja, nami nakuomba unichomolee. Nimemaliza masomo ya sekondari, nimeolewa mwaka huu hapa Timbwani na Faraj, karani wa bandari kule Kipevu, kijana ambaye akishuka feri jioni namjua kwa mwendo wake tu katikati ya umati, na wallahi sikujua kama mtu anaweza kupendwa hivi, lakini si yeye niliyekusudia kukueleza, ni bibi yake, Bibi Mwanatabu, aliyefariki mwezi wa Septemba, Mungu amrehemu.

Mshauri, ungemwona! Mfupi, mkavu, macho hayatulii, akishasali alfajiri tu yuko barazani na ukindu wake wa kusukia mikeka, vidole vinakwenda na mdomo nao unakwenda, kisha ananiita, "We Hafswa!" naitika, "Abee, Bibi," ananiambia, "Amka mke mwenzangu, mume wetu keshakwenda kazini, wewe bado waukumbatia mto wake, utauchakaza," nami nacheka hadi machozi. Ukindu aliuchemsha mwenyewe na kuutia rangi mwenyewe, na rangi isiyomridhisha aliirudisha dukani akamwuliza mwenye duka kama ile ni nyekundu au ni nyeupe iliyoona haya. Mikeka aliibeba kichwani akavuka nayo ng'ambo kuiuza, na siku moja nikiwa naye pale feri bwana mmoja mwenye tai akamwambia mkeka ni ghali, basi Bibi akautandika pale pale mbele ya watu, akajilaza, akafumba macho, akasema, "Niamshe ukishapata mwingine kama huu." Yule bwana alinunua, na akaubeba begani na tai yake.

Tulipooana alianza kutusukia mkeka wetu, akasema utandikwe siku itakayopandishwa bendera mpya ya uhuru tukae nyumba nzima, "maana bendera hushuka na kupanda, lakini matako yatataka mkeka vile vile," niwie radhi Mshauri, ndivyo alivyokuwa. Akanipa na mimi nisuke kipande, na kipande changu kikapinda vibaya, nikataka kukifumua, akanishika mkono akasema, "Kiache. Nikifa wajue hapa alikaa mke mwenzangu." Hatukuwa na mtu mwingine barazani, na maneno hayo nimeyaweka moyoni kama hirizi.

Sasa Bibi hayupo, na ukili wake, yaani ule msuko mrefu ambao ulibaki kidogo tu utoshe kushonwa mkeka, umo sandukuni kwa mama mkwe wangu, Bi Mahfoudha, ambaye ndiye binti pekee wa Bibi, na zamani Bibi akisuka yeye ndiye aliyekuwa akishona. Tangu msiba hashoni. Kila jioni hufungua sanduku, akautoa ule ukindu uliobaki, akaunyunyizia maji, akauviringisha katika kitambaa, akaurudisha, akafunga, wala hasuki hata unyuzi mmoja, nami naona ataja kuuozesha bure. Nilipomwuliza alisema, "Wacha, mwanangu," basi. Faraj asema niache, atanunua mkeka mwingine Magogoni, lakini mimi sitaki wa Magogoni, nataka wa Bibi, nilimwahidi kuutandika, na siku ya bendera ni mwezi ujao.

Kwa hiyo nimeazimia hivi: Ijumaa Mama huenda kuzuru kaburi na hukaa huko, nami nitautoa ukili, niumalizie chumbani kwangu kwa siri, kushona nako nitajifunza, sidhani kama ni kazi kubwa, kisha siku ya bendera niutandike ghafla na watu wote wafurahi. Nina hakika Bibi angenipigia vigelegele. Je, nifanye hivyo, au waona nini?

Hafswa, Timbwani

*

Bi Hafswa,

Hongera kwa ndoa yako. Faraj nimemwona, feri nimeiona, mto nao nimeuona. Bibi Mwanatabu nimempenda, na laiti ningekuwa na mkeka wake mmoja. Sasa kaa chini tusemezane.

Ijumaa usiliguse sanduku la watu.

Wewe umekaa na Bibi miezi, ukacheka naye, na machozi yako ni ya kweli. Bi Mahfoudha alitoka tumboni mwake, akala kwa mikeka ile, akashona kila ukili ambao mama yake aliusuka tangu mikono yake ipate nguvu ya kushika sindano. Halafu wewe, mwanafunzi wa kipande kimoja kilichopinda, waniambia kushona si kazi kubwa! Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, mwanangu. Ungeitoa mikononi mwake kwa siri, kisha ukamtandikia mbele ya wageni, na ukangoja afurahi.

Wasema ataozesha ukindu. Umefundishwa kusuka na bado hujui? Ukindu hunyunyiziwa maji ili usikauke ukavunjika vidole vitakaporudi kazini. Mtu aliyeamua kuuacha haunyunyizii maji kila jioni. Mkweo hajakuficha mkeka. Anautunza uwe tayari, ila kuanza ndiko kunakomshinda, na katika nyumba nzima hajatokea mtu wa kukaa karibu naye.

Na liko jambo lingine, kubwa kuliko ukili. Wewe unayo maneno ya Bibi ambayo binti yake hakuyasikia. Umeniandikia mimi, nisiyemjua marehemu hata kwa sura, na mwenye mama hujamwambia. Hiyo hirizi uliyoiweka moyoni nusu yake ni ya Bi Mahfoudha. Mpelekee.

Fanya hivi. Leo jioni, akilifungua sanduku, mwendee. Mshike miguu kwa heshima, kaa chini mbele yake, umwambie, "Mama, Bibi alinifundisha kidogo nikakwama. Nifundishe." Mwonyeshe wewe mwenyewe pale palipopinda, kisha umwambie Bibi alivyosema, neno kwa neno, na "mke mwenzangu" yake usiipunguze. Halafu unyamaze, najua kwako ni kazi ngumu. Akilia, mwache alie. Akicheka, cheka naye. Akikwambia wacha, itikia "ewallah," na kesho jioni uwe umekaa pale pale. Akikupa ukindu, suka wewe, na sindano ni yake, usiiguse mpaka akuitie.

Huyo Faraj naye mwambie Magogoni asiende.

Na siku ya bendera, mkeka ukiwa umekwisha au ni nusu, utandikeni hivyo hivyo. Wa kwanza kuukalia awe Bi Mahfoudha. Nafasi ikiwa haitoshi, wewe na karani wako kaeni sakafuni. Kwa mapenzi niliyoyasoma humu, hamtaihisi saruji.

Mshauri wako