Korongo Mwenye Matricule

Mama wangu mpendwa,

Huko uliko sijui kama kuna mwezi wa pili. Hapa Likasi upo, na bado ni mwezi wa njaa: mahindi yamekuwa marefu, yanacheza na upepo, lakini ukiyafinya hayana kitu ndani. Wenzangu huwakumbuka mama zao wakisikia wimbo wa kanisa. Mimi nikisikia njaa ndipo ninapokukumbuka wewe, na usikasirike, maana ninakukumbuka umeshika kisu.

Ni mwezi wa pili, ile miaka kiwanda kilipoacha kutoa posho, Baba alipotuletea korongo.

Siku hizo kila mtu wa avenue yetu alikuwa amegeuka kitu kingine. Mafundi wa umeme waliuza makaa, walimu walilima mihogo nyuma ya shule. Baba, aliyekuwa karani wa mlangoni, yule anayeandika nani ameingia kazini na nani amechelewa, alitangaza kwamba sasa yeye ni mfanyabiashara wa samaki. Akapanda baiskeli kwenda ziwa Changalele. Wewe ulijua, nami nilijua, kwamba samaki walikuwa kisingizio. Ukingoni mwa lile ziwa, majira yale, ndege wa Ulaya hukusanyika kabla ya kurudi kwao, na Baba hakuweza kuona kundi lolote likiingia au kutoka bila kutaka kuliandika.

Alikuwa akirudi jioni na habari nyingi na samaki wawili.

"Leo korongo balifika bengi," anakuambia, hata hajakaa. "Na mbayuwayu bote beko kwa waya, banajipanga bien."

"Na samaki?"

"Samaki habakujipanga."

Basi jioni ile tulimwona akisukuma baiskeli, kifua wazi, amekwaruzwa mpaka shingoni. Nyuma, amefungwa kwa shati la Baba mwenyewe, alikuwa ndege mrefu kama kitindamimba wetu: mweupe, mabawa meusi mwishoni, miguu myekundu, na mdomo kama mwiko wa kusongea ugali, bukari ya matanga. Watoto wa avenue walimfuata nyuma wakiimba. Wewe hukuimba. Uliweka sufuria ya maji motoni kabla Baba hajaegemeza baiskeli ukutani.

"Mama Mwape, ngoja kwanza. Hii haiko nyama."

"Njo nini? Muchungaji?"

"Tazama muguu."

Mguuni alikuwa na pete ya chuma. Baba alivaa miwani yake ya ofisini, akapiga magoti, akasoma polepole herufi na namba zilizochongwa pale. Aliposimama alikuwa na uso wa mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

"Iko na matricule, namba ya kazi," akasema. "Huyu njo muntu wa kazi, sawa minye. Lakini namba yake iko mulefu kupita yangu. Alianza kazi nyuma yangu. Minye niko mukubwa wake."

Ulimwuliza huyo mtu wa kazi anafanya nini nyumbani kwako wakati wa chakula. Baba akakuonyesha bawa lililovunjika. Accident ya kazi, akasema, wazi kabisa. Mfanyakazi aliyeumia hawezi kuliwa, yuko mu congé ya maladie, mapumziko ya ugonjwa.

"Na weye?" ukamwuliza. "Weye uko mu congé gani?"

Baba alikwenda kutafuta kamba ya kumfunga mgonjwa.

Mama, nataka niseme sasa jambo ambalo nilikuwa mdogo mno kulisema wakati ule. Kiwanda kilikuwa kimemwambia Baba akae nyumbani, ataitwa. Ni hilo tu. Na yeye, kila asubuhi asiyokwenda ziwani, alivaa koti lake la kazi la buluu, akatoa kiti, akakaa mbele ya nyumba akitazama barabara ambako mtu wa kumwita angetokea. Wenzake walikuwa wamekwisha kukata makoti yao wakashonea watoto suruali. Sasa akawa na mwenzake wa kukaa naye. Alimfunga korongo karibu na kiti, wakatazama barabara wawili. Korongo alipogongesha mdomo wake, ta-ta-ta-ta, kama mashine ya kuandika ya ofisini, Baba alitikisa kichwa akasema anapiga rapport.

Wewe ulipita na ndoo ya maji kichwani, ukawatazama. "Nyumba hii iko na banaume babili," ukasema, "bote banangoja."

Na huyo wa pili alikula. Loo, alikula! Sisi tulipata bukari mara moja, jioni, na sombe ya majani ya mihogo isiyo na mafuta. Yeye alikula asubuhi, mchana na jioni, na ni sisi watoto tuliotumwa kumtafutia vyura na panzi kwenye majani marefu ya nyuma. Nilirudi nimelowa mpaka magotini, nimebeba vyura kwenye kikombe changu mwenyewe cha chai, na yeye akawameza akiinua kichwa juu kama anamshukuru mtu mwingine. Ulimwita muzungu wa kweli. Kila Jumamosi ulikaa kwenye ngazi, mbele yake kabisa, ukanoa kisu.

Avenue nzima ilikuwa upande wako. Jirani yetu Papa Kasongo alikuja na kitunguu kimoja, akakiweka mkononi mwako kwa heshima, akasema kile ni kwa ajili ya paja la kushoto, siku yoyote tutakayokuwa tayari. Mchungaji naye alikuja kumwombea Baba apate kazi. Alipomaliza amina akauliza yule ndege ana kilo ngapi.

Baba alishikilia pale pale. Mvumilivu hula mbivu, alituambia tukilia njaa.

"Mbivu iko apa," ukamjibu. "Iliivaka. Ulifunga yeye kamba."

Ndipo Kambo akaja, mama yako mwenyewe, kutoka Mulungwishi, bila kutuma habari.

Sina haja ya kukueleza wewe maana yake, lakini acha nieleze, maana wajukuu zako hawajui tena. Mama mkwe hapewi sombe. Mama mkwe hupewa kuku mzima, na firigisi juu ya nyama aione kwa macho yake mwenyewe, ajue kwamba mtu aliyemwoa binti yake ni mtu. Baba alimsalimia akiinamisha macho, akatoka nje, akazunguka avenue yote kutafuta kuku wa mkopo. Hakuna. Kuku wa avenue walikuwa wamekwisha tangu kabla ya Noeli. Alirudi mikono mitupu, na njiani akakutana na Papa Kasongo aliyekuwa anakuja kwetu, hajaitwa na mtu, ameshika kitunguu cha pili.

Kambo alikuwa amekaa karibu na dirisha. Kutoka pale alimwona korongo vizuri sana. Hakuuliza lolote, na hilo ndilo lililommaliza Baba.

Aliingia jikoni. Baba, jikoni! Nilikuwa pale nikichambua sombe, nikaacha mikono hewani. Alikuwa amevua koti lake, amelikunja, amelishika chini ya kwapa.

"Mama Mwape," akasema. "Pika."

"Nipike nini?"

"Unajua."

Kisu kilikuwa tayari mkononi mwako. Nami, Mungu anisamehe, mate yalikuwa yamenijaa mdomoni. Paja la kulia nilikuwa nimejichagulia zamani. Tulikuwa tumengoja neno hilo majuma mengi. Wewe ulimtazama Baba, kwanza uso, halafu lile koti. Kisha ukakiweka kisu chini.

"Ukimukula ule," ukasema, "utabakia na nani wa kungoja naye?"

Baba alikaa juu ya kinu, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa njaa. Wewe ulimpa ncha ya kitenge chako. "Pangusa pua," ukasema. "Unataka mama mukwe akuone namna ile?"

Kisha ukabeba bukari na sombe, ukaingia nazo mbele ya Kambo, ukapiga magoti. Mimi nilikuwa nyuma yako na maji ya kunawa, nikasikia yote. "Mama," ukasema, "bwana yangu alisema tupike ndeke. Minye njo nilikatala. Kama kuko haya, iko yangu."

Kambo alifunua sahani, akaangalia, akaifunika tena.

"Ndeke gani? Ule wa inje?"

"Njo ule."

"Ule anakulaka nyoka," Kambo akasema. "Kwetu habamukule. Tangu nilifika niko naomba Mungu mu roho, nasema, Bwana, bantu hawa banataka kunilisha nini?" Akanawa mikono, akavuta sahani karibu. "Leta sombe, mutoto wangu."

Tulicheka mpaka Baba, ambaye kwa desturi hakupaswa hata kuingia pale, alichungulia mlangoni kuona kama tumepatwa na wazimu. Sijawahi kukupenda kama usiku ule. Papa Kasongo alidai vitunguu vyake, lakini vilikuwa ndani ya sombe, akalazimika kuja kuvila.

Baba alifungua kamba usiku ule ule. Korongo hakwenda popote. Kwa siku nyingi alitembeatembea uani, bawa lilipopata nguvu akaruka hadi juu ya paa la jiko, akashuka kula vyura wetu. Halafu Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani, uani hamna mtu. Wewe ulikagua vyungu vya Papa Kasongo kwanza, kwa macho yako, ndipo ukaamini.

Baba alisimama akitazama juu kwa muda.

"Balimwita," akasema.

Hakusema kwa wivu, Mama. Alisema kama mtu anayemfurahia mwenzake. Lakini asubuhi iliyofuata alipotoa kiti chake alikaa kando, kama mtu anayemwachia mwingine nafasi, na mimi nikashindwa kumtazama. Wewe ulitoka na ungo wa maharagwe. Wewe, ambaye asubuhi hukuwahi kukaa hata ukiwa mgonjwa! Ukaweka kigoda pale pale aliposimama korongo, ukaanza kuchagua maharagwe. Ulituambia jikoni hamna mwanga. Ukachagua maharagwe pale asubuhi zote, miaka yote, hata siku tulizokuwa hatuna maharagwe.

Kiwanda hakikumwita. Unajua. Baada ya matanga yako ndugu walikaa kikao waamue nani atamchukua mzee, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Mimi nilirudi Lubumbashi, nikafunga duka langu, nikaja na masanduku yangu. Wanasema nimepotewa na akili. Labda.

Leo asubuhi Baba amevaa koti. Limebaki kola na mifuko tu, lakini amelivaa. Nimetoka na ungo, nikakaa kwenye kigoda chako. Baada ya kitambo alisogeza mguu wake, nipate nafasi.

Lala, Mama. Hangoji peke yake.

Mutoto wako wa kwanza