Shangazi, Mbwa Wako Amepata Kwao

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia ili nijigambe, na nakwambia mapema usije ukasema nimekuzunguka. Wiki ile ya mwisho, ukiwa kitandani, ulisema Waziri hatapata mtu mwingine wa kumvumilia. "Nikienda mimi, na yeye kwisha," ukasema, ukageukia ukuta. Basi umeshindwa, Shangazi. Mbwa wako ana kwao, mbavu zake hazihesabiki tena, na juzi amenifanyia jambo ambalo mbwa mwingine akinifanyia nakasirika. Nitalifikia.

Unakumbuka alivyokuja? Tulikuwa tunaanika dagaa nyuma ya soko la Busia, upande wetu wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka. Alikuwa akiishi chini ya lori bovu. Baadhi ya watu wa malori walikuwa na zile fimbo za kugongea matairi, kujua kama yana upepo, na wakimaliza matairi walimgonga yeye. Alipofika kwenye meza yetu alikuwa mifupa mitupu, mkia ameubana tumboni, na mtu akishika hata ufagio alijikojolea. Nilimwonea huruma. Nikachuchumaa, nikanyoosha mkono, nikamwita kwa sauti tamu. Akatoroka siku mbili.

Ulinigombeza mbele ya wateja. "Wewe ukila, unapenda mtu akukodolee macho?" Aliporudi ulitupa kichwa cha samaki, ukampa mgongo, ukaendelea kupepeta dagaa kana kwamba hayupo. Ulimpa mgongo msimu mzima wa mvua. Siku aliyojilaza chini ya meza, pua yake ikagusa kisigino chako, hukusogea. Uliacha tu kupepeta, ukasimama vilevile mpaka mguu ukafa ganzi, na wateja wakangoja. Jioni ukampa jina. Ulimwita Waziri kwa sababu kila anayemtafuta anaambiwa hayupo ofisini.

Nilicheka sana siku hiyo. Sikujua kwamba katika vitu vyako vyote, yeye ndiye nitakayemrithi.

Baada ya mazishi, mwenye ploti alitaka chumba chako. Mimi unajua ninapokaa, chumba kimoja ambacho hata kuku haruhusiwi. Kwa hiyo Waziri akawa anashinda chini ya meza sokoni na kulala kizingitini pako, mlango umefungwa. Mwenye ploti akaniambia waziwazi kwamba mpangaji mpya ana watoto wadogo, na mwezi ukiisha mbwa akiwa bado pale, ataweka dawa kwenye nyama. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga kufyeka majani. Niliogopa, Shangazi. Niliogopa kana kwamba nitakuzika mara ya pili.

Nikaanza kutafuta. Nilitafuta watu wanaopenda mbwa, na hapo ndipo nilipokosea. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa Buhehe, mama mwenye moyo mzuri kweli. Alimwekea godoro, akamwimbia, akamkumbatia. Siku ya tatu nilimkuta Waziri kizingitini pako, mwiba mguuni, ametembea njia yote hiyo peke yake. Wa pili alikuwa Mkenya mwenye duka la vipuri ng'ambo ya mpaka, aliyetaka mlinzi. Alimrudisha kesho yake, amemtia kwenye gunia. "Sista, huyu ananiogopa mimi na ndio nimemlisha. Mwizi akikuja si atamshikia tochi?"

Zikabaki wiki mbili.

Sasa subiri nikuchekeshe. Siku ya soko alikuja Mzee Owor wa Kiyeyi, kule Tororo. Ndiyo, yuleyule. Yule uliyesema ukimtuma maji, mgonjwa anapona kabla hajarudi. Yule aliyekwambia atakuja kuongea na kaka zako mambo ya mahari, akachukua miaka kufikiria ni siku gani. Alisimama mezani kama alivyozoea, akichagua dagaa mmojammoja kana kwamba anawaoa. Nilitaka kumharakisha, midomo ilikuwa tayari. Kisha nikatazama chini. Waziri alikuwa ametoa kichwa chini ya meza na ananusa kiatu cha Mzee. Mzee aliona. Najua aliona, maana alianza kuchagua dagaa upya, kuanzia mwanzo.

Nikamwomba amchukue. Nilimweleza yote, hadi ile dawa.

"Nitafikiria," akasema.

Shangazi, nilielewa kila tusi ulilowahi kumtukana yule mzee. Wiki ikapita, anafikiria. Siku ya soko iliyofuata akaja, akachagua dagaa, akaondoka, bado anafikiria. Mwenye ploti alikuwa ameshaniuliza mara mbili. Zikiwa zimebaki siku mbili, Mzee akatokea na baiskeli, na nyuma ya baiskeli kapu kubwa jipya lenye mfuniko. Kumbe muda wote huo alikuwa akilisuka, na chini kabisa ametandika gunia alilobebea dagaa wako, halijafuliwa. Waziri aliingia mwenyewe.

Nilimfuata kwa bodaboda hadi Kiyeyi, na huko nikafanya kosa langu la pili. Ilikuwa mchana wa Jumapili, majirani walikuwa wameshaweka chungu cha kongo, ile pombe ya wimbi, uani, wazee watano kwenye viti, kila mmoja na mrija wake wa kunyonyea. Unaijua ile mirija, inamzidi mtu urefu. Mimi nikafungua kapu palepale kwa furaha. Waziri akainua kichwa, akaona wanaume watano wameshika fimbo ndefu, na wote wamegeuka kumtazama. Alipita katikati ya miguu yao, akazama chini ya ghala la wimbi, asitoke.

Nililia. Nilitaka kutambaa nimvute. Mzee Owor akanishika bega. "Wacha, mtoto. Wewe nakwenda nyumbani. Yeye nakuja, hapana kuja, mimi niko hapa tu."

Nikaenda nyumbani, Shangazi, nikiwa sina imani hata kidogo. Kila asubuhi nilitazama kizingitini pako nione kama amerudi, nikiombea asiwepo. Hakuwepo. Sikujua kama hiyo ni habari njema au mbaya.

Nilirudi Kiyeyi baada ya wiki tano. Nilikuta chungu kiko uani, wazee wale wale, na kicheko ambacho nilikisikia tangu barabarani. Walikuwa wanamcheka Mzee Owor. Wenzake wameegemea viti vyao, mirija mirefu imepinda vizuri kuelekea chunguni, naye peke yake ameinama mpaka magoti yanagusa kidevu, ananyonya kwa kijimrija kisichofika hata urefu wa mkono.

"Mwangalie," jirani yake akaniambia, "mzee mzima nakunywa kama ndama."

Ule mrija aliachiwa na baba yake. Wewe umekulia Tororo, unajua mtu hakati mrija wa baba yake, na hakuna anayethubutu kumwomba aukate. Nilimuuliza kwa nini ameukata. Akachukua muda wake kujibu, kama kawaida.

"Huyu nakuja mpaka pale," akaonyesha hatua tatu kutoka kitini. "Mimi nainua mrija, yeye nakimbia. Kila siku hivyo. Yeye naona fimbo. Basi, nikakata."

Nikatazama chini ya kiti chake. Palikuwa na mkia wa rangi ya vumbi, umelala juu ya kiatu.

Sikumgusa. Nimejifunza. Nilimpa mgongo, nikakaa, nikanywa chai yangu huku machozi yananidondokea kikombeni. Mzee akajifanya haoni, akaendelea kuinama kwenye chungu. Baadaye, akinisindikiza, alisema kitu ambacho nadhani alikuwa anakifikiria kwa miaka mingi. "Shangazi yako alichoka kunigoja. Huyu hapana choka." Kama huko uliko unaweza bado kumcheka mzee huyu, mcheke kidogo tu.

Sasa nifike kwenye hilo la juzi. Mzee aliwaita majirani wanywe kwa kukukumbuka, akaniita na mimi. Nilibeba dagaa, nikavaa lile gauni lako la kijani, nikapita njia ya nyuma kwa sababu ya matope. Nilipofika kwenye ua wa minyaa, kitu kikanibwekea.

Shangazi, tulikaa na Waziri miaka mitatu na hatukuwahi kuisikia sauti yake. Ni nzito. Ina mikwaruzo, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Alikuwa amesimama katikati ya njia, miguu ameitanua, manyoya ya shingoni yamesimama, ananibwekea mimi niliyemlisha, mimi niliyemkomboa na ile dawa ya mwenye ploti, kana kwamba nimekuja kuiba kuku. Nilisimama pale na mfuko wangu wa dagaa, nikacheka mpaka nikashika tumbo.

"Wacha yeye akuulize," Mzee Owor akasema bila kuinuka. "Hapa ni kwake."

Ndipo nilipoona. Nyuma ya Waziri, hatua mbili tu, chungu kilikuwa kimewekwa, na wazee wote walikuwa wameshika mirija yao mirefu, wengine wameiinua juu, wanacheka. Fimbo tupu angani. Naye hakugeuka hata mara moja kuzitazama. Macho yake yote yalikuwa kwangu, mgeni.

Alikuwa amewapa mgongo, Shangazi.

Lala sasa, kazi imekwisha. Ukiulizwa huko, sema Waziri yuko ofisini.

Ni mimi, binti wa kaka yako, ninayeuza dagaa kwenye meza yako